Kwanini kopabendi anakufa njaa kwenye tangi lililojaa chakula

Kopabendi ni yule samaki kipepeo mweupe wa kung'aa mwenye mistari ya rangi ya shaba iliyosimama wima, mdomo mrefu, na doa jeusi mgongoni kwa nyuma ambalo adui akiliona anadhani ndo jicho. Mtu akimwona dukani mara moja tu basi, akili inamhama. Ananunua, wiki ya kwanza samaki anazunguka anadonoa mawe na mwenye tangi anafurahi anasema huyu anakula, wiki ya pili tumbo limeingia ndani, wiki ya tatu anasimama kona moja anahema haraka haraka, alafu unasikia "jamani nimempa kila kitu hataki". Na majibu anayopewa karibu yote ni ya chakula, mpe hiki, mpe kile, loweka na kitunguu saumu, badilisha kampuni.

Mi naona tunaanzia mwisho. Kopabendi asiyekula mara nyingi ana shida iliyotangulia chakula: amefika kwako ameshashinda njaa siku nyingi, au ana minyoo kwenye matamvua, au anaonewa, au hatambui kwamba hicho kinachoelea mbele yake ni chakula. Ukiruka hayo ukakimbilia friza utamwekea bufee nzima na bado atakufa. Sasa hizi shida zikichanganyika ndo watu wanakata tamaa wanasema huyu samaki hafugiki, wakati anafugika, wapo wanaokaa miaka, ila inabidi uzitenganishe moja moja ujue unapambana na ipi.

Tuanze na yeye mwenyewe. Jina la kitaalamu ni Chelmon rostratus, mtaalamu wa viumbe Linnaeus alishamwandika tangu 1758. Kwao ni kuanzia bahari ya Andaman, Indonesia, Ufilipino, kupanda mpaka visiwa vya kusini mwa Japani na kushuka mpaka Australia. Pwani yetu hayupo, uzamie kuanzia Lamu mpaka Mtwara humkuti, anayemkaribia kwetu ni yule wa njano mwenye mdomo mrefu anaitwa Forcipiger, nitamrudia huko mbele. Kopabendi akikua anafika sentimita 20 hivi. Anakaa kwenye miamba ya karibu na nchi kavu, hata sehemu zenye tope kidogo na karibu na midomo ya mito, peke yake au wawili wawili, na siku nzima kazi yake ni kupekua matundu.

Mwangalie akiwa mzima utaelewa. Anasimama mbele ya jiwe, kichwa kimeinama kidogo, anachungulia tundu kwa jicho la huku, anageuka taratibu anachungulia kwa jicho la kule, anarudi nyuma kidogo kama amebadilisha mawazo, alafu ghafla kadonoa kitu ambacho wewe hata hukukiona. Anasogea tundu linalofuata. Hana haraka. Mdomo ule ni kibanio cha kuchomolea vitu vidogo kwenye nyufa: minyoo ya mirija, vikamba vidogo vidogo, ncha za kombe zinazochungulia nje. Kwa hiyo kichwani mwake chakula ni kitu kilichojificha kwenye tundu na kinatikisika kidogo. Kile kipande cha uduvi wa friza kinachopita kwa kasi mbele ya pampu huku samaki wengine wanakigombania, kwake yeye hicho ni takataka. Hajagoma, hajui tu.

Hapa inabidi nimtenganishe na ndugu zake maana watu wanawachanganya. Ukoo wa samaki kipepeo una aina kama 130 na pwani yetu wapo wengi sana, wavuvi wengi wanawaita kitatange wote kwa ujumla pamoja na wale jamaa zao wakubwa wa rangi rangi. Kati yao kuna wanaokula polipu za matumbawe, yaani vile vijidudu hai vinavyojenga tumbawe lenyewe, na karibu hawagusi kingine. Chaetodon meyeri, Chaetodon trifasciatus, na yule Chaetodon trifascialis ambaye anashikilia matumbawe ya Acropora yale ya bapa kama roho yake imefungwa pale. Hawa wote wapo Zanzibar na Kenya, ni wazuri balaa, na usiwanunue. Hao kutokula kwao hakutibiki kwa ujanja, tangi lako lote la matumbawe ni chakula cha siku chache tu kwao. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto na matumbawe mengi ya upande huu wa Bahari ya Hindi yakapauka na kufa, samaki wa aina hii walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupungua, na hapo walikuwa kwao baharini, sasa wewe utawapa nini sebuleni? Kopabendi hayumo kwenye kundi hilo. Yeye anakula vikamba vidogo na minyoo, kwahiyo anaweza kufundishwa kula vingine. Ndo maana nasema inafaa kuhangaika naye.

Haya, shida ya kwanza ni safari.

Fikiria njia anayopita. Mvuvi anamkamata, labda visiwa vya Indonesia huko, anakaa kwenye kikapu au ndoo, anapelekwa kwa mnunuzi wa kijijini, anapelekwa kwa msafirishaji mjini, pale wanamnyima chakula makusudi siku moja mbili mpaka tumbo liishe ili asichafue maji ya mfuko, anapanda ndege, anafika kwa mwagizaji, anakaa, anapelekwa duka la rejareja. Sehemu zote hizo hakuna mtu mwenye muda wa kumpa minyoo kwenye tundu. Samaki ambaye kwao anadonoa donoa tangu asubuhi mpaka jioni na hana akiba kubwa mwilini anaweza kukufikia ameshapitisha wiki nzima au zaidi hajala cha maana. Unapomwona dukani tayari saa inahesabu.

Alafu kuna sianidi. Ufilipino walianza kuitumia kukamata samaki wa mapambo miaka ya 1960, baadae ikaenea Indonesia, mzamiaji anapuliza sumu kwenye matumbawe samaki analewa anamwokota. Matumbawe yanakufa, na samaki mwenyewe anaweza kuonekana mzima kabisa huku ndani ameumia. Dukani kwa macho huwezi kumjua. Unachoweza ni kuuliza ametoka wapi, na wafugaji wengi wazoefu wanalipa zaidi kupata wa Australia kwasababu kule wanakamatwa kwa nyavu za mkono na wanashughulikiwa vizuri zaidi njiani. Bei inauma, lakini kununua wawili wa bei rahisi wakafa wote nayo ni bei.

Kuna jambo la mfuko ambalo watu wengi wanalifanya kinyume. Ndani ya mfuko samaki anapumua, kaboni dioksidi inajaa, pH (kipimo cha uchachu wa maji) inashuka. Wakati huo huo anatoa amonia. Sasa pH ikiwa chini, amonia nyingi inakaa katika hali ambayo haimdhuru sana. Ukifungua mfuko kaboni dioksidi inatoka, pH inapanda, na ile amonia iliyokuwa imelala inageuka sumu hapo hapo. Kwahiyo ile kufungua mfuko alafu unamdondoshea maji tone tone masaa mawili, kwa samaki aliyesafiri mbali unamchoma matamvua huku ukidhani unamhurumia. Muelee na mfuko umefungwa mpaka joto lilingane, na kabla ya yote uliza duka au mwagizaji kiwango chao cha chumvi, maduka mengi yanaweka chini ya tangi la matumbawe, basi tayarisha maji ya karantini, lile tangi la pembeni la kumtenga samaki mpya, kwa kiwango hicho hicho, fungua, mtoe, mhamishe, kazi imeisha. Chumvi utaipandisha kidogo kidogo siku zinazofuata. Kupandisha ghafla kunamuumiza kuliko kushusha.

Kumchagua sasa. Watu wanamwangalia ubavuni kwasababu ndo kuzuri. Wewe mwangalie kwa mbele, anapokuelekea uso kwa uso, tazama pale juu ya macho kuelekea mgongoni. Pakiwa pana na pamejaa ni sawa. Pakiwa pembamba pamebonyea pande zote mbili, huyo ameshaanza kula misuli yake mwenyewe. Tumbo lililoingia linaweza kujaa kwa mlo mmoja, nyama ya mgongoni inachukua wiki nyingi kurudi na wengine hairudi. Alafu angalia anavyohema, akihema shavu moja tu huku lingine limefungwa, au anajikuna kwenye mchanga, hapo kuna wageni ndani. Na mwambie muuzaji ampe chakula mbele yako. Siyo "jana alikula". Mbele yako. Muuzaji akikasirika mwachie samaki wake.

Mdogo sana usichukue, wa sentimita 5 hana akiba, na mkubwa kabisa naye ameshazoea maisha yake ni mgumu kubadilika. Wa katikati, sentimita 8 mpaka 12 hivi, ndo nampendelea.

Shida ya pili ni vimelea, na hapa ndo kwenye mjadala mkali maana dawa zenyewe zinakata hamu ya kula. Samaki kipepeo wanakuja na minyoo bapa mingi, ya kwenye ngozi na ya kwenye matamvua, midogo inang'aa huioni kwa macho, na samaki mwenye minyoo ya matamvua anahema kwa shida, na anayehema kwa shida hawezi kula, hata wewe ukiwa na mafua makali unajijua. Njia ya kuanzia ni kumtia kwenye maji baridi, namaanisha maji yasiyo na chumvi, yenye joto na pH sawa na aliyotoka, yamepigwa hewa vizuri, dakika 3 mpaka 5 huku umemkazia macho muda wote. Minyoo ikiwepo inageuka myeupe na kudondoka chini ya ndoo, utaiona kama vipande vya kucha. Akilala ubavu na kuacha kupambana mtoe haraka.

Baada ya hapo prazikwanteli, kipimo cha kawaida ni kama miligramu 2 hadi 2.5 kwa lita ya maji, na lazima urudie baada ya wiki hivi kwasababu dawa inaua minyoo iliyopo lakini mayai inayaacha, yanaanguliwa na unarudi ulikoanza. Hii dawa nzuri yake haimharibii sana hamu ya kula. Ila usiitie kwenye tangi kubwa la matumbawe kichwa kichwa maana inaweza kuua minyoo ya mirija humo, na minyoo iliyokufa kwa wingi inachafua maji.

Dawa ya shaba ni kesi nyingine. Hiyo inatibu ule ugonjwa wa vidoadoa vyeupe, Cryptocaryon, na ule wa velveti ambao unaua kwa siku chache. Kuna watu wanamtia kila samaki mpya kwenye shaba siku ya kwanza bila kuangalia. Kwa kopabendi aliyekonda mi siungi mkono. Shaba inapunguza hamu ya kula kwa samaki wengi, sasa huyu ambaye hajaanza kula unamnyang'anya hata ile kidogo. Msimamo wangu: kama hana dalili za velveti wala vidoadoa, mlishe kwanza, anenepe, azoee mkono wako, alafu shaba ipandishwe taratibu siku kadhaa kwa kufuata maelekezo ya dawa yenyewe na kupima kila siku kwa kipimo kinachoeleweka. Kama ana dalili tayari, hapo hamna kuchagua, mtibu. Na shaba isikanyage kabisa kwenye tangi la matumbawe, konokono, kamba, matumbawe vyote vinakufa, na mawe yakishanyonya shaba hayaaminiki tena.

Hapo ndo mgongano unapoonekana. Tangi la karantini la kutibia linatakiwa liwe tupu, lina mabomba ya plastiki ya kujifichia na fita ya sponji basi, kwasababu mawe yananyonya dawa. Lakini kopabendi kwenye tangi tupu hana pa kudonoa, anakosa hata vile vijidudu vya kumshikiza roho, na anapata stresi. Wengine kwasababu hiyo wanaruka karantini kabisa wanamtia moja kwa moja kwenye tangi kubwa, na ukweli wapo wanaofanikiwa, lakini ukija na velveti umemaliza samaki wote. Ninayoiona inafanya kazi ni hatua mbili, kwanza tangi dogo la utulivu lenye mawe hai machache yenye vijidudu, bila dawa, siku zake za kwanza apumzike na ajue kula, alafu akishakula vizuri unatoa mawe na kuanza matibabu. Kazi ni mara mbili, sikatai.

Tatu ni amani. Hii inadharauliwa sana. Kopabendi ni samaki wa aibu, siku za mwanzo akikimbizwa mara mbili tatu na samaki mwenye fujo anajibanza nyuma ya jiwe na haji mbele tena wakati wa chakula. Wabaya wake wakubwa ni wale samaki wenye kisu mkiani, hasa wa zambarau na wale wengine wa ukoo ule wanaodhani tangi ni lao, pamoja na vile visamaki vidogo vya bluu vyenye hasira kuliko ukubwa wao. Wengine hawampigi ila wanakula haraka, yaani unadondosha chakula na sekunde 20 hakuna kitu, yeye bado yuko jicho la kwanza anachungulia. Kopabendi mwenzie pia usimwekee, watapigana, labda uwe umepata wawili walioshaungana tangu baharini.

Ukimhamishia tangi kubwa tumia sanduku la plastiki linaloonyesha, lenye matundu, unalining'iniza ndani ya tangi na yeye yuko ndani yake. Wenyeji wanamzoea, yeye anawazoea, na chakula chake anakula peke yake bila kunyang'anywa. Wiki moja humo si kitu kibaya. Akianza kukimbilia mkono wako unapoukaribia ndo umtoe.

Sasa ndo tufike kwenye chakula. Naona wengine mmerukia hapa moja kwa moja, sawa, ila rudini juu.

Anza na kinachotikisika. Minyoo hai myeusi ya maji baridi inafanya maajabu kwa samaki kipepeo, ila ndani ya maji chumvi inakufa baada ya dakika chache kwahiyo dondosha michache, siyo konzi. Usipoipata, artemia hai. Mayai yake yanauzwa kwenye makopo, mengi yanatoka lile Ziwa Kuu la Chumvi la Utah Marekani, unayatia kwenye chupa yenye maji ya chumvi na hewa nyingi, joto la 28 hivi, baada ya saa 24 hadi 36 umepata vifaranga. Kwa wadau wa Kenya, artemia waliletwa kwenye mashamba ya chumvi ya upande wa Malindi tangu miaka ya 1980, kwahiyo ukiwa na mtu huko ulizia kama utapata wakubwa walio hai. Lakini artemia mkubwa peke yake ni mtupu kilishe, ni kama kula popkoni kila siku, inabidi umloweshe kwenye mafuta ya omega au mwani kwa saa kadhaa kabla ya kumpa samaki. Kazi yake hapa ni kumkumbusha samaki kula, asiwe ndo mlo wa maisha.

Kombe ndo silaha yangu kubwa. Nunua kombe au chaza mbichi sokoni, zile zilizofunga vizuri, igandishe kwenye friza siku kadhaa upunguze hatari ya vimelea, alafu ifungue nusu na uilaze kwenye mawe pale anapopendelea kupita na nyama yake ikiangalia juu. Usimkaribie. Kaa mbali, zima taa ya sebuleni ukiweza. Atapita mara ya kwanza, atapita ya pili, atainamisha kichwa, jicho la huku, jicho la kule, alafu atadonoa ukingo wa nyama mara moja tu na kukimbia. Hiyo ndo unaitafuta. Akirudi umeshinda nusu ya vita, maana sasa ganda la kombe kwake limekuwa sahani. Kesho weka ganda hilo hilo na nyama kidogo, ujazie uduvi wa maisisi wa friza uliokatwakatwa, keshokutwa maisisi zaidi nyama kidogo, mpaka mwisho ganda lina chakula cha friza tupu na yeye anakula bila kujua amebadilishiwa. Kutoka hapo kumfundisha kula kinachodondoka karibu na ganda ni rahisi. Ukiacha kombe kwenye maji usiku kucha itaoza, itoe baada ya masaa mawili matatu.

Wengine hawapendi ganda wanapenda tundu, kwa hao chukua jiwe lenye vitundu au mfupa wa tumbawe la zamani, sukumia chakula ndani kwa sirinji. Wanachopenda kinatofautiana samaki na samaki, kuna anayependa mayai ya samaki, kuna wa minyoo myekundu ya friza, na kuna yule wa maisisi tu tena za kampuni moja.

Akishakula, usimpe mara moja kwa siku ukadhani umemaliza. Mara tatu mpaka tano, kidogo kidogo, angalau miezi ya mwanzo. Na mchanganyie, kwasababu baadhi ya kombe na samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, ukimlisha hicho tu mwaka mzima utamwona anadhoofika bila kujua kwanini. Kitunguu saumu? Wengine wanaapia. Kinaweza kumvutia harufu, lakini dawa ya minyoo siyo, tuelewane.

Sasa kulisha mara tano kwa siku kunagombana na matumbawe, maana chakula kingi ni naitreti na fosfeti, na wenye Acropora wanataka maji safi. Ndo maana huyu samaki anataka tangi lililokomaa, siyo la miezi miwili. Lita 400 kwenda juu, urefu mita moja na nusu hivi apate pa kupekua, mawe mengi ya zamani yaliyojaa vijidudu, skima (mashine ya kutoa uchafu kwa mapovu) yenye nguvu, na ukiweza kasehemu ka pembeni ka mwani ambako vikamba vidogo vinazaliana bila kuliwa na kuletwa na maji kwake. Joto 25 au 26, chumvi 1.025 kwa kipimo cha uzito wa maji, amonia sifuri, naitreti ikikaa miligramu 10 mpaka 20 kwa lita kopabendi hana habari, matumbawe magumu yataanza kulalamika kabla yake. Mi nikilazimika kuchagua nalisha samaki, naitreti nitahangaika nayo kwa kubadilisha maji.

Swali la matumbawe sasa, ni salama au si salama? Jibu la kweli ni kwamba inategemea yeye ameamkaje. Minyoo ya mirija mizuri uliyonunua hela nyingi isahau, ataila yote. Kombe wakubwa wa Tridacna ni bahati nasibu, wengine hawagusi wengine wanawadonoa mpaka wanafunga. Polipu kubwa zenye nyama anaweza kuzijaribu, hasa akiwa na njaa. Acropora kwa kawaida anaziacha.

Na wengi wanamnunua kwa ajili ya aiptasia, ile anemoni sugu inayozaliana kama magugu. Baadhi wanaila kweli na kusafisha tangi zima. Baadhi hawaiangalii. Shida ni kwamba ukimnunua kwa kazi hiyo unamwacha bila kumfundisha chakula kingine, "si kuna aiptasia za kutosha", zinaisha, anabaki na njaa. Kama shida yako ni aiptasia tu kuna kamba wa jenasi ya Lysmata, na kuna konokono uchi wa Berghia ambaye chakula chake ni aiptasia peke yake, anafanya kazi usiku bila kelele. Samaki nunua kwasababu unamtaka samaki.

Akishapita miezi ya mwanzo anakuwa wa kawaida kabisa, anakuja kwenye kioo, anamjua mwenye chakula. Wakati mwingine utaona vinundu vyeupe vimeota kwenye mapezi kama kipande cha koliflawa, watu wanashtuka wanatia dawa. Hiyo ni limfosisti, ni virusi, samaki kipepeo wanaipata sana wakipata stresi, na mara nyingi inaondoka yenyewe akila vizuri na maji yakitulia. Dawa ndo zitamuumiza. Kinachowaua wale waliokwisha kuzoea, mara nyingi ni safari ya mwenye nyumba. Mashine ya kulishia inadondosha chembe kavu ambazo yeye hali, anayebaki nyumbani ameambiwa "wape kidogo", wengine wanakula yeye anaangalia, na wiki mbili kwake ni nyingi sana. Kabla hujasafiri gandisha vipande vidogo vya chakula chake kwenye friza, kila siku na chake, na umwonyeshe huyo mtu samaki gani ahakikishe amekula kabla hajaondoka mbele ya kioo.

Kuhusu Forcipiger niliyemtaja. Huyo Forcipiger flavissimus anapatikana kuanzia pwani yetu mpaka Hawaii, anapekua matundu vile vile, ila kwa kawaida ni mgumu kufa kuliko kopabendi na anakubali chakula cha friza mapema zaidi. Yupo pia Hemitaurichthys zoster, mweusi na mweupe, huyu anakula vijidudu vinavyoelea kwenye maji kwahiyo hata chakula kinachopita kwenye mkondo anakidaka bila kufundishwa, na matumbawe hahangaiki nayo. Wote wawili wanaonekana ukizamia Afrika Mashariki. Kenya kuna wazamiaji wanaokamata samaki wa mapambo kwa vyavu vidogo na kuuza nje, kwahiyo ukiwa Nairobi au Mombasa samaki wa aina hii anaweza kukufikia bila kupitia ile safari yote ya Indonesia, safari fupi, njaa fupi. Kujiokotea mwenyewe ndani ya hifadhi kama Kisite, Watamu, Malindi au Chumbe usithubutu, ni marufuku. Kwa mtu anayeanza na samaki kipepeo kwa mara ya kwanza ningemwambia achukue mmoja wa hao wawili, ajifunze kusoma mgongo wa samaki na kufungua kombe, kopabendi amfuate mwakani.